Kuku wa Uani na Daraja za Watu

  

Ndugu zetu wa Mombasa na Lamu na Malindi wametuuliza, zaidi ya mara moja, darsa yetu ya huku bara yaendeleaje, na tumeshughulika na nini hata waraka wetu ukachelewa. Hatukujibu upesi, kwa sababu jibu lenyewe lina aibu ndani yake, na mtu hakimbilii kuiandika aibu yake. Leo twajibu. Lakini tutaanza mbali kidogo, tutaanza kwa kuku, na twamwomba msomaji asidhani kuwa maneno ya dini yametwishia hata tukaingia bandani.

Wanaoujua mji wa Nairobi wanaijua Adams Arcade, yale maduka yaliyo kando ya barabara ya Ngong upande wa magharibi. Karibu yake liko soko la Toi, la mitumba na mboga na kila kitu, na kutoka hapo si mbali kufika Makina, katika Kibera, walikokaa Wanubi, Waislamu wenzetu, tangu zamani za jeshi la Waingereza. Darsa yetu husomwa katika mtaa ulio jirani na hapo, nyumbani kwa mwenzetu mmoja, kila Alhamisi baina ya Magharibi na Isha. Nyumba ina ua, na katika ua huo mwenyewe amejenga banda la mbao na wavu wa waya, akafuga kuku: watetea tisa na jogoo mmoja. Wengi ni wa kienyeji, walionunuliwa papa hapa. Wawili ni kuchi, warefu wa miguu, wenye macho makali, walioletwa na jamaa yake kutoka Lamu kwa basi. Na mmoja ni kishingo, asiye na manyoya shingoni. Mke wa mwenye nyumba amewapa wote majina, na baadhi ya majina hayo ni ya mawifi zake, kwa hiyo hatuyaandiki.

Sisi tunaowahi kabla ya adhana hukaa barazani tukawatazama kuku wakilishwa. Na atazamaye kwa siku nyingi huona asiloliona apitaye. Mtu akimwaga chicha na pumba, kuku hawaji wote pamoja kama tudhanivyo. Kuchi mmoja wa kike huja kwanza, akala katikati. Wa pili hula kando yake, lakini kichwa chake huwa tayari kuepa. Kishingo huja wa tatu. Hivyo hivyo mpaka afike mtetea mmoja mdogo, mwenye rangi ya udongo, ambaye huzunguka nje ya wenziwe na kuokota chembe zilizoruka mbali. Akisogea tu, hudonwa. Usiku wakipanda fito za kulalia ni mambo yale yale: ufito wa juu una wenyewe.

Jambo hili si geni kwa wenye elimu. Mnorwei mmoja, Thorleif Schjelderup-Ebbe, tangu utoto wake alikuwa akiwatazama kuku wa kwao na kuandika nani amemdona nani, na mwaka 1921 akayatoa aliyoyaona katika maandishi ya kitaalamu. Alieleza ya kuwa kuku hawagombani ovyo. Kila wawili wakikutana hupimana nguvu, pengine kwa kupigana, pengine kwa kutazamana tu, na baada ya hapo jambo limekwisha: mmoja ana haki ya kumdona mwenziwe, na mwenziwe hana haki ya kulipa. Wa kwanza huwadona wote. Wa pili huwadona wote ila wa kwanza. Na wa mwisho hana wa kumdona. Si kila mara huwa msitari ulionyoka, kwani huweza kutokea wa kwanza akamshinda wa pili, na wa pili akamshinda wa tatu, kisha yule wa tatu akamtawala wa kwanza, na sababu yake hata wenyewe huenda hawaikumbuki. Majogoo nao wana daraja zao mbali na za watetea. Wataalamu waliokuja baadaye wameona kuwa kuku humjua mwenziwe kwa kichwa chake na upanga wake, yaani ile nyama nyekundu ya utosini, hata akibadilishwa sura ya upanga huweza kurudi kwao akapigwa kama mgeni.

Na tuseme haki: mpango huu una amani yake. Zikishajulikana daraja, damu hupungua. Jicho moja latosha. Fujo huja banda likiwa finyu, au chakula kikiwa kichache, au akiingia mgeni.

Basi akaingia mgeni.

Mwenye nyumba alinunua mtetea mweupe, mzuri, akamtia bandani mchana kweupe, jambo ambalo wafugaji wenye uzoefu hawalifanyi. Mgeni hutengwa kwanza nyuma ya wavu, wenyeji wakamwona siku kadhaa bila ya kumfikia, kisha akatiwa usiku wakati wote wamelala, na vyombo vya chakula vikaongezwa ili asipate mmoja kuvilinda vyote. Mwenzetu hakuyajua haya. Tulipokuja Alhamisi tulimkuta yule mweupe amejibana pembeni, mgongo hauna manyoya, na nyama imeonekana. Na kuku wakishaiona damu hawaiachi; kila apitaye huonja.

Kilichotushangaza si kuwa alidonwa. Kilichotushangaza ni nani aliyemdona zaidi. Yule kuchi mkubwa alimpiga mara moja, akamwacha, akaenda zake. Aliyemfuata kutoka pembe hadi pembe, aliyeacha hata kula ili ampige, alikuwa yule mdogo wa rangi ya udongo, ambaye mpaka siku hiyo hakuwa na wa kumdona. Tulimwona kwa macho yetu. Mwenye nyumba akaingia, akamtoa yule mweupe, damu ikamchafua kanzu, akasimama nae mkononi akitutazama. Akasema, "Jamani, na yule kijana je?"

Hakuna aliyeuliza kijana gani.

Sasa twaieleza aibu yetu. Alikuwako katika darsa yetu kijana mmoja, fundi wa magari, kazi yake ni katika gereji moja kando ya barabara ya Ngong. Asili yake ni bara ya magharibi. Alisilimu miaka sita kabla ya haya, akaja kwetu, na katika muda huo akahifadhi juzuu tano, kwa tajwidi ambayo baadhi ya watoto wetu waliozaliwa ndani ya Uislamu hawanayo. Hakukosa Alhamisi hata ya mvua. Nasi tulimpenda, au tulidhani hivyo. Tulimwita "mwanetu". Lakini mwana huyu katika miaka sita hakusukumwa mbele kusalisha hata sala moja, ijapokuwa mara nyingi aliyesalisha alikuwa na Kurani kidogo kuliko yeye. Akikaa, hukaa karibu ya mlango. Ukija wakati wa chakula, yeye ndiye ashikaye birika na tasa akatunawisha mikono, mmoja baada ya mmoja. Na tulisema moyoni kuwa ni adabu yake.

Kisha akaposa. Alimposa binti wa nduguye mmoja wetu, msichana yatima wa baba aliye chini ya ulezi wa ami yake. Ami hakumkatalia usoni. Aliileta habari darsani, kijana mwenyewe hayupo, akaomba shauri. Nasi tukatoa shauri. Tukakiteremsha kitabu, Minhaj ya Imam Nawawi, tukafungua mlango wa kufu, tukasoma mahali panapotajwa nasaba na kazi ya mkono, tukafunga. Tukasema: si kufu yake. Huyu hana ukoo ujulikanao, na binti ni wa watu. Mmoja aliongeza: pwani watasemaje? Na aliyesema kwa ukali kuliko wote alikuwa mtu ambaye babu yake mwenyewe, sote twajua na yeye ajua, aliitwa mzalia katika mji wake mpaka alipokufa. Hatumsemi yeye peke yake. Sisi tuliokaa kimya tulikuwa tukimtazama vile vile kama tulivyomtazama yule kuku mdogo, na baadhi yetu tulifurahi kuwa maneno yametoka katika kinywa kingine.

Kijana alipojulishwa, alisema "nimesikia", na Alhamisi iliyofuata hakuja. Wala ya pili, wala ya tatu, wala ya nne. Hatukumwuliza. Birika lilishikwa na mtoto wa mwenye nyumba.

Enyi ndugu zetu wa pwani, msituone kuwa maradhi haya tumeyapata huku kwenye baridi. Tumekuja nayo katika masanduku yetu. Ni nani kati yetu hakukulia katika maneno muungwana na mshenzi, mwenyeji na mtu wa kuja, sharifu na asiye sharifu, huyu Mshihiri, huyu Mngazija, huyu mzalia? Sheria ya utumwa ilifutwa Unguja mwaka 1897, na katika pwani ya Kenya mwaka 1907. Leo imepita zaidi ya miaka mia, watumwa wote na mabwana wao wote wamo makaburini, na bado mtu akitaja jina la babu yake watu hutazamana. Kuna miji ambayo watu wake wamesahau mipaka ya mashamba yao ila hawajasahau nani alikuwa wa nani.

Na sisi ndio watu tunaolia kuwa twadonwa! Mji huu wa Nairobi ulijengwa kwa daraja: Mzungu mtaa wake, Mhindi mtaa wake, Mwafrika mtaa wake. Wanubi wa Kibera, waliomwaga damu katika vita visivyokuwa vyao, walikaa zaidi ya miaka mia katika ardhi waliyopewa kwa maneno tu, mpaka mwaka 2017 walipopewa hati ya ekari 288. Waislamu wangapi waliopanga foleni kutaka kitambulisho wakaulizwa baba wa babu yao kazaliwa wapi, na jirani yao asiulizwe? Tumeandika barua, tumelalamika misikitini, na tulikuwa na haki. Kisha tukarudi nyumbani, tukavua viatu, tukamwuliza fundi wa magari baba wa babu yake.

Atakuja msemaji aseme: nyinyi mwavunja jambo ambalo Mungu mwenyewe ameliumba. Hata kuku wana daraja. Katika Suratul An'am imekuja ya kuwa wanyama wa ardhini na ndege warukao ni umma kama sisi. Na katika sura hiyo hiyo imekuja kuwa Mwenyezi Mungu amewainua baadhi yetu juu ya wengine. Basi daraja ni maumbile.

Hili si neno la kupuuzwa, na twalijibu kwa upole. Hatukusema kuwa hakuna daraja. Imam husimama mbele, na maamuma nyuma, mkubwa huamkiwa, mwanachuoni husikilizwa. Lakini aya ile ya mwisho wa An'am inaeleza papo hapo sababu ya kuinuliwa, nayo ni mtihani juu ya tulichopewa. Mwenye kuinuliwa ndiye aliye katika chumba cha mtihani, si aliyemaliza akapewa cheti. Ama kuwa ndege ni umma kama sisi, ndiyo. Lakini wao hawakuletewa mtume kwa jambo la nasaba, sisi tumeletewa. Kuku hatasimama kuulizwa kwa nini alimdona mgeni. Ikiwa mtu ataka kuku awe hoja yake, basi na akubali kuwa katika hesabu ya kuku.

Na hata huko bandani, je, daraja ni kudona tu? Tumetazama jogoo. Apatapo mdudu au punje nzuri, hailii mbio. Huliita kundi kwa sauti maalumu, akaiokota na kuiangusha, akaiokota na kuiangusha, mpaka mtetea aje aichukue. Wataalamu wanasema kwa hivyo hujipendekeza kwa watetea, na huenda ikawa; lakini tumbo la mtetea limeshiba. Al-Jahiz wa Basra, aliyekufa mwaka 255 wa Hijra, na ambaye katika kitabu chake cha wanyama alijaza kurasa nyingi mno kwa ugomvi wa mwenye mbwa na mwenye jogoo, ameeleza katika kitabu chake cha mabakhili kuwa majogoo wa kila mji huwapa watetea punje, ila majogoo wa Marw, ambao huzinyakua kutoka midomoni mwa watetea. Na kwamba ubakhili wa mji ule umo katika maji yake hata kuku wameunywa. Twacheka tukiisoma. Lakini tulipoisoma safari hii mtu mmoja alisema: "Na maji ya kwetu je?", kicheko kikakatika.

Kuna habari nyingine, ya karibu zaidi, ambayo wenye kufuga kwa biashara wanapaswa kuijua. Katika Chuo Kikuu cha Purdue huko Marekani, mtaalamu William Muir alishughulika na kuku wa mayai wanaowekwa wengi katika tundu moja bila ya kukatwa midomo. Desturi ya kuzalisha ilikuwa kumchagua mtetea mmoja mmoja atagaye mengi kuliko wenziwe. Yaonekana ni akili. Lakini atagaye mengi katika tundu huenda ameyapata kwa kuwaonea walio naye, na ukimzalisha huyo umezalisha uonevu. Muir akageuza: akachagua tundu zima, jamaa nzima iliyofanya vizuri pamoja. Katika kizazi cha pili vifo vilikuwa 68 katika kila mia kwa mwaka. Kufikia kizazi cha nne vilishuka chini ya 9 katika mia. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 1996. Vizazi viwili tu vya kuku! Sisi tangu 1907 tumepata vizazi vingapi?

Turudi kwenye dini, maana huko ndiko tulikokosea, tena kitabu kikiwa mkononi.

Abu Dharri, naye ni katika wema wa umma huu, alimtukana mtu kwa mama yake. Na imepokewa kuwa mtu huyo alikuwa Bilal. Mtume (S.A.W.) hakumwambia kuwa amekosa adabu tu. Alimwambia kuwa ndani yake mna ujahili. Tazameni: sahaba, mwenye kufunga na kusali, mwenye kuipa dunia mgongo, na bado mabaki ya ujahiliya yamekaa mahali pamoja tu, katika ulimi utajapo asili ya mtu. Na kipofu Ibn Ummi Maktum alipokuja kutaka kufundishwa, na Mtume yuko na wakubwa wa Kikureshi, iliteremka sura nzima ambayo sisi huwasomesha watoto wetu wadogo. Twaisomesha kwa ajili ya matamko ya herufi.

Ama jambo lenyewe la posa: Abu Hudhayfa alikuwa mwana wa Utba bin Rabia, na katika Makureshi huwezi kupanda juu zaidi ya hapo. Alikuwa na Salim, aliyekuwa mtumwa akaachwa huru, ambaye hata baba yake hakujulikana kwa uhakika. Abu Hudhayfa alimwoza Salim binti wa nduguye, Hind binti Walid. Binti wa nduguye! Tulipofika hapa, ami mwenyewe aliinamisha kichwa. Na Salim huyu ndiye aliyewasalisha Muhajirina wa mwanzo huko Kuba kabla Mtume hajafika Madina, na nyuma yake wamesimama wakubwa wa Makka, kwa sababu alikuwa na Kurani nyingi kuliko wao. Mabwana hawa wawili, Abu Hudhayfa na Salim, waliuawa pamoja katika vita vya Yamama.

Mtu atasema: hayo ni ya masahaba, lakini madhehebu yetu ni ya Imam Shafi, na kufu imo vitabuni. Imo, hatukanushi. Maulamaa wa Kishafi wameitaja nasaba na dini na kazi na uhuru; na Imam Malik nasaba hakuifanya kitu, ameitazama dini. Lakini tulipoifungua Minhaj mara ya pili, kijana hayupo na aibu ipo, tulikuta tuliloliruka mara ya kwanza. Mlango ule hauanzi kwa kuhesabu koo. Waanza kwa kusema kuwa walii akimwoza mwanamke kwa asiyekuwa kufu yake, naye mwanamke ameridhia, ndoa ni sahihi. Yaani kufu ni haki ya mwanamke na ya walii wake, wakitaka wataishika na wakitaka wataiacha. Si ukuta uliojengwa na sheria. Na haki hiyo ya mwanzo ni ya mwanamke. Tukatazamana. Watu wazima tisa walikaa usiku mzima wakipima nasaba, na hakuna aliyetamka tumwulize binti.

Jumamosi tulikwenda watatu, na ami alikuwa wa tatu. Tulimkuta kijana chini ya gari. Akatoka, akapangusa mikono, akatutafutia kreti za soda tukalie, akaagiza chai. Ami akaanza kusema mambo ya posa, kijana akamzuia kwa adabu. Akasema, "Wazee wangu, mimi sikuondoka kwa sababu ya posa. Mtu huposa akakataliwa, ni jambo la dunia. Niliondoka kwa sababu ya maji. Miaka sita niliwanawisha, nikahesabu ni thawabu, na wallahi nahesabu hivyo hata leo. Lakini siku ile nilipoambiwa sina watu, nilikumbuka kuwa hakuna siku hata moja mtu aliyelichukua birika mkononi mwangu akaniambia, kaa, leo ni zamu yako. Ndipo nikajua nilikuwa nani."

Hatukuwa na la kujibu, na hatutalitunga hapa. Ami alimwomba radhi kwa maneno machache. Kijana alisema amesamehe, na kuhusu kurudi akasema tumwache afikiri, kwani siku hizi anasali Makina na huko wamemzoea.

Binti ameulizwa. Jibu lake ni lake na mama yake mpaka atakapokuwa tayari kulitoa, amesema ataka muda wa kuistakhiri, na ami amesema mbele yetu sote kuwa litakalokuwa ndilo litakalofuatwa. Waungwana wa mji wakisema, na waseme, wameanza.

Ama yule kuku mweupe, alitengwa nyuma ya wavu, akapakwa manjano na mafuta ya nazi, manyoya yakaanza kuota. Banda likaongezwa dhiraa sita, vyombo vya chakula vikawa vitatu badala ya kimoja, na akarudishwa usiku. Asubuhi kuchi alimdona mara moja. Yule mdogo alimjia, akasimama, akaenda kula katika chombo kingine.

Alhamisi ya saba kijana alikuja. Aliketi karibu ya mlango, mahali pake pa zamani. Chakula kilipoletwa aliinuka kwa desturi, lakini birika lilikwisha chukuliwa. Ami alikuwa nalo, amepiga magoti, tasa mkononi, na leso begani. Kijana akakataa. Akakataa mara ya pili na ya tatu, na watu wote kimya. Kisha akanyosha mikono, nayo ina ule weusi wa oili usiotoka kwenye kucha, na maji yakamiminwa. Isha ilipoadhiniwa tulimtanguliza, akasoma Suratu Abasa katika rakaa ya kwanza. Hatujui kama aliichagua kwa kusudi, na hakuna aliyemwuliza.